Mwajiri anavyofaa kumteua mshauri wa pensheni ya wafanyakazi wake

MWENYE biashara anapoamua kuwawekea wafanyakazi wake mpango wa malipo ya uzeeni, jambo la kwanza huwa ni kumtafuta mtu wa kumwelekeza. Aghalabu hamtafuti mbali. Huwa ni wakala aliyemuuzia bima ya magari ya kampuni, afisa wa benki anayemhudumia, au rafiki wa shemeji yake mwenye kadi iliyochapishwa maneno "mshauri wa pensheni".

Uamuzi huo huchukua alasiri moja. Matokeo yake huonekana baada ya miaka 20 au 30, na wanaoyapokea si wale waliouamua.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Mipango mingi ya kampuni za kibinafsi nchini Kenya ni ile ambayo kinachojulikana ni kiwango cha mchango, wala si kiwango cha pensheni. Mwajiri na mfanyakazi huchanga asilimia fulani ya mshahara kila mwezi, pesa huwekezwa, na siku ya kustaafu mfanyakazi hupewa kile kilichopatikana. Uwekezaji ukienda mrama, au ada zikila sehemu kubwa ya faida, mwajiri hadaiwi kitu. Hasara yote ni ya mfanyakazi.

Haikuwa hivyo katika mfumo wa zamani, ambapo pensheni ilikokotolewa kwa mshahara wa mwisho na miaka ya utumishi, na pengo lolote lilipotokea mwajiri ndiye aliyetakiwa kuliziba. Gharama hiyo iliyaelemea mashirika mengi. Mnamo Novemba 2010, Wizara ya Fedha iliyaagiza mashirika ya umma kuuacha mfumo huo na kuhamia ule wa michango. Watumishi wa serikali nao waliingizwa katika mpango wa kuchangia kuanzia Januari 2021, serikali ikitoa asilimia 15 ya mshahara wa mtumishi, naye mtumishi akianza na asilimia mbili na kupanda hadi 7.5.

Kwa maneno mengine, hatari imehama kutoka kwa mwajiri hadi kwa mfanyakazi, ilhali uwezo wa kumchagua mshauri umebaki ofisini kwa mwajiri. Mtu anayechagua kwa pesa za mwenzake ana kila sababu ya kuchagua kwa makini zaidi, na ana kila kishawishi cha kutofanya hivyo.

Suala hili lilipata uzito mpya baada ya mabadiliko katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa Sh200 kwa mwezi na mwajiri wake akaongeza Sh200 nyingine, kiasi ambacho hata mlinzi wa lango alijua hakingemtosha uzeeni. Sheria ya NSSF ya mwaka wa 2013 iliyokusudia kubadilisha hali hiyo ilikwama kortini kwa takriban mwongo mmoja. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliiharamisha Septemba 2022, Mahakama ya Rufaa ikabatilisha uamuzi huo mnamo Februari 3, 2023, na makato mapya yakaanza mwezi huo huo, ijapokuwa mvutano wa kisheria uliendelea hadi Mahakama ya Juu.

Chini ya sheria hiyo, mfanyakazi hukatwa asilimia sita ya mshahara unaohesabiwa, na mwajiri hutoa kiasi sawa na hicho. Michango imegawanywa katika daraja mbili. Daraja la kwanza ni la mshahara hadi kiwango cha chini kilichowekwa, na la pili ni la mshahara ulio kati ya kiwango hicho na kiwango cha juu. Viwango viliwekwa vipande kwa vipande: katika mwaka wa kwanza vilikuwa Sh6,000 na Sh18,000, mwaka wa pili Sh7,000 na Sh36,000, na kuanzia Februari 2025 vikawa Sh8,000 na Sh72,000. Katika mwaka huo wa tatu, mfanyakazi mwenye mshahara wa Sh72,000 au zaidi alikatwa Sh4,320, ambapo Sh480 zilikuwa za daraja la kwanza na Sh3,840 za daraja la pili.

Daraja la kwanza lazima liende NSSF. La pili, mwajiri anaweza kuliomba lielekezwe katika mpango wa kibinafsi uliosajiliwa, mradi Mamlaka ya Kusimamia Malipo ya Uzeeni, RBA, iridhike kwamba mpango huo unatimiza masharti.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyozifungulia njia kampuni za bima, wasimamizi wa mipango na mawakala kubisha hodi katika ofisi za biashara ndogo na za wastani. Mwajiri ambaye hajawahi kuisoma hata kanuni moja ya pensheni akajikuta mbele ya vijana watatu waliovalia suti, kila mmoja na kompyuta yake na mchoro wake unaopanda.

Neno mshauri halimaanishi kitu kimoja

Sheria ya Malipo ya Uzeeni ya mwaka wa 1997 ndiyo iliyoiunda RBA, na mamlaka hiyo ikaanza kazi katika mwaka wa 2000. Kabla ya hapo hapakuwa na asasi mahsusi ya kuchunguza mipango hii, na mwajiri aliweza kuichukulia akiba ya wafanyakazi kama mfuko wa pili wa biashara yake.

Sheria iligawanya kazi makusudi ili pesa zisiwe mikononi mwa mtu mmoja. Wadhamini ndio wenye mpango kisheria, na sehemu yao huteuliwa na wanachama wenyewe. Meneja wa uwekezaji huamua hisa na hatifungani za kununua. Mtunzaji mali, ambaye kwa kawaida ni benki, huzishika hati na pesa zenyewe. Msimamizi wa kumbukumbu huhesabu mchango wa kila mwanachama, hutoa taarifa za akaunti na kuwalipa wanaoondoka. Mkaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka. Kampuni za bima zenye idhini ya RBA huuza mipango iliyokwisha kufungwa pamoja, ambapo kazi kadhaa kati ya hizo hufanywa chini ya paa moja.

Mshauri anaweza kuwa nani katika orodha hiyo? Anaweza kuwa yeyote kati yao, au asiwe hata mmoja. Wakala wa bima hujiita mshauri. Kampuni ya kusimamia kumbukumbu huwa na kitengo cha ushauri. Mtaalamu wa hesabu za bima hushauri. Mshauri wa uwekezaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji naye ni mshauri. Neno hilo peke yake halimwambii mwajiri mtu huyu amesajiliwa na nani, kwa kazi gani, wala anawajibika kwa nani mambo yakiharibika.

Swali la kwanza basi ni la leseni, nalo halihitaji aibu. RBA huweka hadharani orodha ya mameneja wa uwekezaji, watunzaji mali, wasimamizi na kampuni za bima zilizoidhinishwa. Wakala wa bima na dalali wa bima wako chini ya Mamlaka ya Kusimamia Bima. Kulitafuta jina katika orodha hizo ni kazi ya dakika chache, na ni ajabu kwamba mwajiri anayemdai dereva wake cheti cha mwenendo mwema hushindwa kumdai mshauri wa pensheni cheti chake.

Leseni pia ionyeshe inachoruhusu. Kampuni iliyosajiliwa kusimamia kumbukumbu haijaidhinishwa kwa sababu hiyo kuwekeza pesa, na meneja wa uwekezaji hodari huenda hana mtu hata mmoja anayejua jinsi ya kumlipa mjane wa mwanachama aliyefariki.

Nani anamlipa?

Swali la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa nadra. Mkono mtupu haulambwi, na ushauri wa bure haupo. Mshauri asiyemtoza mwajiri hata shilingi moja analipwa na mtu mwingine.

Katika hali nyingi mtu huyo ni kampuni ya bima, ambayo humpa wakala kamisheni kwa kila mpango anaouleta. Hakuna uhalifu katika hilo. Mawakala wameviingiza katika mipango ya akiba viwanda na shule ambazo hazingefikiwa na mshauri wa kulipwa kwa saa. Tatizo ni kwamba wakala wa kampuni moja hawezi kumwambia mteja kuwa bidhaa ya kampuni jirani ni nafuu zaidi. Hata dalali anayewakilisha kampuni kadhaa huvutwa upande wenye kamisheni nono.

Mwajiri anayetaka ushauri usioegemea upande wowote anafaa kuwa tayari kuulipia moja kwa moja, kwa ada iliyoandikwa. Biashara ndogo huenda isimudu. Ikiwa haimudu, angalau imtake mshauri aandike katika barua ni nani anamlipa, kiasi gani, na kama malipo hayo ni ya mara moja au yataendelea kila mwaka. Barua hiyo ni kipimo kizuri. Wapo watakaoiandika siku hiyo hiyo, na wapo watakaoahidi kuileta wiki ijayo hadi mwaka uishe.

Zipo pia zawadi zisizoitwa kamisheni. Wadhamini hualikwa semina za siku nne katika hoteli za ufuoni Mombasa, na wengine huvushwa hadi Dubai. Mafunzo ya wadhamini ni ya lazima na ni muhimu, lakini si lazima yafanyike kando ya kidimbwi cha kuogelea kwa gharama ya kampuni inayoomba zabuni.

Asilimia moja

Ada za mpango wa pensheni hutajwa kwa asilimia ndogo ndogo ambazo masikio huzipuuza. Nusu asilimia huku, asilimia moja kule. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini hazifai kupuuzwa.

Chukua mfanyakazi ambaye yeye na mwajiri wake wanaweka jumla ya Sh10,000 kila mwezi kwa miaka 30. Michango yenyewe ni Sh3.6 milioni. Iwapo faida baada ya ada zote ni asilimia nane kwa mwaka, atakuwa na takriban Sh14.9 milioni. Iwapo ni asilimia saba, atakuwa na Sh12.2 milioni. Tofauti ya asilimia moja imemgharimu Sh2.7 milioni, ambazo ni robo tatu ya pesa zote zilizochangwa.

Hakuna meneja wala wadhamini watakaomwandikia mfanyakazi huyo barua kumweleza kwamba alipoteza Sh2.7 milioni. Atapokea hundi yake, atapeana mikono na wenzake, na hatajua.

Kwa sababu hiyo mshauri anafaa kutakiwa aonyeshe gharama zote kwa pamoja: ya msimamizi wa kumbukumbu, ya meneja wa uwekezaji, ya mtunzaji mali, ya mkaguzi, ya wadhamini wa kulipwa ikiwa wapo, na ushuru unaotozwa na RBA. Anayetaja ada moja na kuzinyamazia nyingine anamuuzia mteja mbuzi kwenye gunia.

Namna ada inavyotozwa nayo ina hila yake. Wengine hutoza asilimia ya michango, wengine asilimia ya mali yote. Kwa mfanyakazi wa mfano wetu, ada ya asilimia tatu ya michango ni Sh3,600 kwa mwaka, mwaka nenda mwaka rudi. Ada ya asilimia moja ya mali haitafika Sh1,300 katika mwaka wa kwanza, nayo huonekana nafuu sana mezani siku ya mazungumzo. Akiba ikifika Sh10 milioni, asilimia hiyo hiyo ni Sh100,000 kwa mwaka. Mpango mpya wenye wafanyakazi vijana unaweza kukubali ada ya aina hiyo bila kuhisi chochote kwa miaka kumi ya kwanza, ndiposa mshauri anafaa kuombwa hesabu ya mwaka wa kwanza, wa kumi na wa ishirini, si ya mwaka wa kwanza pekee.

Mchoro unaopanda

Kila mshauri huja na rekodi ya faida. Hakuna anayekuja na mchoro unaoshuka, na hilo pekee lingetosha kumtia mwajiri shaka.

Mtu aliyeuza mpango mwishoni mwa mwaka wa 2006 alikuwa na kila sababu ya kutabasamu. Kipimo cha hisa 20 katika Soko la Hisa la Nairobi kilikuwa kimepanda kutoka takriban alama 1,360 mwishoni mwa mwaka wa 2002 hadi zaidi ya 5,600. Meneja yeyote aliyenunua hisa katika miaka hiyo minne alionekana bingwa. Mwaka wa 2008 ulipoisha, baada ya ghasia za uchaguzi na msukosuko wa fedha duniani, kipimo hicho kilikuwa karibu alama 3,500. Waliostaafu mwaka huo walipokea matokeo ya mshuko, hata kama walikuwa wamechanga kwa miaka yote ya kupanda.

Rekodi ya mwaka mmoja haimaanishi kitu. Ya miaka mitano ina maana, ya kumi ina maana zaidi, mradi iwe baada ya ada na ilinganishwe na mipango iliyowekeza kwa namna kama hiyo. Kumlinganisha meneja aliyejaza hisa na yule aliyejaza hatifungani za serikali ni sawa na kulinganisha matatu na treni kwa kutazama rangi.

Mfumuko wa bei lazima uingie katika hesabu. Novemba 2011 bei za bidhaa nchini zilikuwa zimepanda kwa asilimia 19.7 ikilinganishwa na mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Mpango ulioiita faida ya asilimia kumi mwaka huo mafanikio ulikuwa umewapunguzia wanachama wake uwezo wa kununua.

Kanuni za uwekezaji zinaweka mipaka. Mpango unaweza kuweka hadi asilimia 90 ya mali yake katika dhamana za serikali, hadi 70 katika hisa zilizoorodheshwa, hadi 30 katika ardhi na majengo, na hadi 15 nje ya nchi. Mipaka hiyo ni mipana, na mshauri mwenye ujuzi ataweza kueleza kwa nini anapendekeza sehemu fulani kwa kampuni ambayo nusu ya wafanyakazi wake wanakaribia miaka 60, na sehemu tofauti kwa kampuni ya vijana wa miaka 25. Akitoa pendekezo moja kwa kampuni zote mbili, basi hajasoma orodha ya wafanyakazi.

Hazina zenye dhamana, ambazo huuzwa na kampuni za bima, hupendwa na wanaoogopa misukosuko hiyo. Kampuni hutangaza kiwango cha faida kila mwaka na huahidi kwamba mtaji hautapungua. Mambo mawili hayafafanuliwi vya kutosha. Kwanza, kinachotangazwa si lazima kiwe kile kilichopatikana, kwani kampuni hubakiza sehemu kwa ajili ya miaka mibaya. Pili, dhamana hiyo ina nguvu kadiri ya kampuni iliyoitoa, na Kenya imeshuhudia kampuni za bima zikianguka.

Ukubwa wa biashara

Ushauri mzuri hutofautiana kwa kimo cha mteja. Karakana ya fanicha katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi yenye wafanyakazi 40 haina haja ya kuunda bodi yake ya wadhamini, kuajiri meneja wake na kumlipa mkaguzi wake. Gharama hizo zingegawanywa kwa watu wachache mno. Kwa biashara kama hiyo kuna mipango mwavuli, ambayo ilipata kanuni zake mahsusi katika mwaka wa 2017. Waajiri wengi huingia katika mpango mmoja wenye wadhamini wamoja, kila mwajiri akiwa na akaunti na masharti yake ya michango.

Biashara yenye watu sita na mapato yasiyotabirika huenda isifae hata hapo. Mfanyakazi anaweza kujiunga na mpango wa mtu binafsi na mwajiri akamwongezea kila anapoweza. Katika sekta ya juakali, mpango wa Mbao uliozinduliwa mwaka wa 2011 ulijengwa juu ya wazo hilo hilo: akiba ya Sh20 kwa siku, kiasi ambacho mitaani huitwa mbao, iliyotumwa kwa simu ya mkononi. Mshauri anayemweleza mteja wa namna hiyo "mpango kamili haukufai kwa sasa" amepoteza kamisheni, na ni mtu wa kuwekwa karibu.

Upo uamuzi mwingine ambao waajiri huutia saini bila kuuelewa. Mpango wa pensheni humruhusu mwanachama kuchukua thuluthi moja ya akiba yake kwa mkupuo anapostaafu, na zilizobaki hutumika kumlipa kila mwezi. Mpango wa akiba ya mkupuo humlipa zote kwa pamoja. Wafanyakazi wengi hushangilia wa pili, na mawakala hulijua hilo. Mshauri anafaa kuwaeleza wazi wafanyakazi jinsi mkupuo unavyoweza kuishia katika lori kuukuu na ploti yenye kesi. Wakiusikia ukweli wote na bado waukubali, hiyo ni haki yao.

Kipimo cha ujuzi

Mwajiri asiye mtaalamu anaweza vipi kujua kama mshauri ni mtaalamu? Njia moja ni kumuuliza jambo lililobadilika karibuni. Kwa miaka mingi, michango ya hadi Sh20,000 kwa mwezi ndiyo iliyoondolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh30,000 kuanzia Desemba 27, 2024, kupitia marekebisho ya sheria za ushuru ya mwaka huo. Mshauri anayeendelea kukokotoa kwa Sh20,000 anatumia vitabu vya zamani, na mteja anapaswa kujiuliza ni kanuni gani nyingine zimempita.

Anaweza pia kuulizwa kuhusu nyumba. Tangu mwaka wa 2020 mwanachama ameruhusiwa kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi Sh7 milioni, kununua makao. Jibu la maana halitakomea kwenye asilimia. Litaeleza pia pengo litakaloachwa katika pensheni.

Njia ya pili ni kumtaka azungumze na wafanyakazi, si na mkurugenzi. Akaribishwe karakanani, asimame mbele ya maseremala na wapaka rangi, awaeleze kwa Kiswahili kile atakachofanya na pesa zao. Mtu anayeweza kuwaeleza wakaelewa, naye mwenyewe ameelewa. Anayekimbilia istilahi za kigeni huenda anaficha ada, au anaficha kutojua.

Njia ya tatu, ambayo ni bora kuliko barua zote za sifa, ni kuomba kuzungumza na watu waliokwisha kulipwa. Wateja wanaoendelea kuchanga hawajui ubora wa mpango. Wanaoujua ni waliostaafu, walioacha kazi, na familia za waliofariki. Waulizwe walisubiri siku ngapi, waliitishwa hati zipi, na ni nani aliyepokea simu zao. Mpango wenye faida nzuri lakini unaomzungusha mjane kwa miezi minane una kasoro ambayo hakuna mchoro utakaoionyesha.

Mshauri asichoweza kumbebea mwajiri

Wapo waajiri wanaodhani kwamba wakishamwajiri mshauri, jukumu limemhamia. Sheria haisemi hivyo. Wadhamini hubaki na wajibu wao mbele ya wanachama na mbele ya RBA, na mwajiri hubaki na wajibu wa kuwasilisha michango kwa wakati. Mshauri hupendekeza. Anayetia saini ndiye anayejibu.

Hili la kuwasilisha michango limekuwa donda sugu. Serikali za kaunti na vyuo vikuu vya umma vimewahi kudaiwa mabilioni ya shilingi zilizokatwa kwenye mishahara lakini hazikufika katika mipango. Katika sekta ya kibinafsi mchezo huo hufanyika kwa siri zaidi: mauzo yamedorora, mkopo wa benki umefika, na michango ya mwezi "inasogezwa kidogo". Mfanyakazi huona makato kwenye hati ya mshahara na kuamini kwamba pesa zipo. Mshauri anayestahili ada yake humwambia mwajiri mapema, tena kwa maandishi, kwamba pesa hizo si zake kusogeza. Yule anayeogopa kumpoteza mteja hunyamaza.

Mfanyakazi mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka RBA, na asiporidhika na uamuzi wa mamlaka, liko jopo la rufaa la malipo ya uzeeni. Lakini wengi huigundua njia hiyo baada ya kampuni kufungwa.

Mkataba

Mambo haya yote yakishapita, kuna karatasi. Mkataba na mshauri unafaa kutaja kazi atakazofanya na asizofanya, mara ambazo atakutana na wadhamini kwa mwaka, na kama atahudhuria mkutano mkuu wa kila mwaka ambao wanachama wana haki ya kuuliza maswali. Muda wa miaka miwili au mitatu, wenye tathmini kila mwaka, unatosha. Mkataba usio na tarehe ya mwisho humstarehesha mshauri.

Kifungu cha kuachana ndicho kinachosahaulika, kwa sababu hakuna anayependa kuzungumzia talaka siku ya harusi. Mwajiri aulize ni notisi ya muda gani inahitajika, kama kuna tozo la kuondoa pesa katika hazina yenye dhamana, na pesa zitachukua siku ngapi kuhamia kwingine. Aulize pia michango ya daraja la pili la NSSF imewekewa kumbukumbu zake mbali na ile ya hiari, maana ikichanganywa, kuitenganisha siku ya kuhama ni kazi ya miezi.

Zaidi ya yote, mkataba useme kumbukumbu za wanachama ni za mpango, si za mshauri. Tarehe za kuajiriwa, michango ya kila mwezi, majina ya warithi walioandikwa na kila mwanachama: nakala yake ikabidhiwe wadhamini kila mwaka, katika mfumo unaoweza kufunguliwa na kompyuta ya kawaida. Kampuni nyingi zinazotaka kumbadilisha mshauri hukwama hapo, faili zikiwa kwake, naye akiwa hapokei simu.